Goti Halirudi Nyuma

Nikisimama, mimi ni mtu wa kawaida. Ukinipita njiani hutageuka kuniangalia. Lakini nikikaa, magoti yangu hufika kabla yangu. Ukumbini yanamsukuma aliyekaa mbele mpaka anageuka kunikata jicho, na mezani yanagonga ubao na kumwaga chai za watu. Nina mapaja ya mtu mrefu wa kupigiwa mfano, halafu chini ya goti nina miundi mifupi ya mtoto wa darasa la tano. Kaka yangu aliniita Panzi nikiwa na miaka minane, na jina likanata. Sikulia. Nilimuuliza kama yeye anaweza kuruka kama panzi.

Kazi yangu ni ushonaji. Nakata sare za shule na suti za maharusi kwenye chumba cha mbele cha nyumba ya mama, ambaye ndiye aliyenifundisha kushika mkasi. Nikiwa na miaka thelathini na mitano nilianza kupanda farasi, umri ambao majirani waliona ningetulia na cherehani yangu. Jioni tatu kwa juma na kila Jumamosi nilikuwa kwenye shule ya farasi pembeni ya mji, najifunza mchezo unaoitwa dresaji. Asiyeujua huona ni uvivu mtupu. Farasi hakimbizwi wala haruki viunzi. Anatembea, anachapua mwendo, anapita kimshazari, anasimama tuli, na yote hayo aliye juu yake anamwomba kwa mguu na kiuno, kimyakimya. Ukifanya vizuri, mtazamaji haoni unachofanya. Mimi yangu yote yalionekana.

Katika kukaa kuna sheria moja. Bega, nyonga na kisigino vinatakiwa viwe kwenye mstari mmoja, kama vile kamba iliyofungiwa jiwe. Kisigino changu hakikukaa kwenye mstari huo hata siku moja. Kilikwenda mbele, nikaonekana nimekaa kwenye kiti cha kinyozi nasubiri zamu. Na Mwalimu, mwanamume aliyekauka, mwenye sauti inayofika mpaka barabarani, alikuwa na dawa moja tu.

"Goti nyuma!"

Alinipigia kelele hiyo kwa miaka sita. Nililivuta goti nyuma mpaka nyonga zikawaka moto. Nikilivuta, kiwiliwili kinaanguka mbele. Nikiliachia, kisigino kinakwenda zake. Nyumbani nililala sakafuni na kujinyoosha mapaja kwa kamba, eti yatazoea. Nilimwamini, kwa sababu yeye ndiye mwalimu na mimi ni Panzi.

Farasi niliyempanda alikuwa jike jeusi, mali ya shule. Saisi, mzee mmoja mpole anayewatunza farasi, alimpa jina la Shemeji, kwa sababu ukimjia mikono mitupu anakugeuzia mgongo, ukimletea kitu anaanza utani. Nilimpenda, sizunguki. Nilimpenda kuliko nilivyompenda mwanamume mmoja ambaye simtaji hapa.

Sasa, siku moja baada ya mazoezi, Mwalimu alipitisha vidole gumba viwili kwenye mgongo wa Shemeji, kama afanyavyo kila mara, kutoka mabegani kwenda kiunoni. Alipokaribia kiuno, Shemeji alibonyea, akageuza shingo na kung'ata hewa.

"Mgongo unamuuma," Mwalimu akasema. "Na ni wewe. Unapigana na tandiko huko juu, na anayepigwa ni yeye."

Niliona kwa macho yangu mwenyewe.

"Nakupa Jumamosi tatu," akaendelea. "Ya tatu mtampanda wawili, wewe na binti wa mfamasia. Ambaye mguu wake utakaa mahali pake, Shemeji ni wake wa mashindano. Mwingine hampandi tena. Simwachi farasi aharibike kwa ajili ya mtu mmoja."

"Nipe tandiko jingine, Mwalimu. Hili ndilo linalonitupa."

Akacheka. "Mchagua jembe si mkulima."

"Na jembe likiwa halina mpini je?"

Hapo hakucheka.

Nilijaribu matandiko yote tisa ya shule. Kwa asiyelijua, tandiko la dresaji lina ubawa wa ngozi kila upande, unaoning'inia chini ya paja, na mbele ya ubawa kuna kijimto kigumu cha kuzuia goti. Chini ya ngozi, karibu na kalio, kuna chuma kidogo kinachoning'iniza kikuku, pale unapotia mguu. Matandiko ya kawaida yalinigonga magoti kwenye kile kijimto mpaka yakavimba. Lile kubwa kupita yote lilinipa nafasi ya goti, lakini makalio yakateleza nyuma mpaka karibu na kiuno cha Shemeji, na vikuku vikabaki mbele huko, tukatazamana kwa mbali. Lilikuwepo moja lenye mbawa zilizochongoka mbele, nikasema afadhali. Kumbe limetengenezewa mtu mrefu kotekote. Ubawa wake ulishuka mpaka karibu na kifundo cha mguu, na kila hatua ukingo wake ulinasa kwenye mdomo wa buti langu.

Nikaenda dukani. Muuzaji, kijana mtanashati mwenye tai, aliniuliza nina urefu gani. Nikamwambia. Akaniletea tandiko la watu wafupi, nikalikalia pale kwenye farasi wao wa mbao. Akayatazama magoti yangu, akaniletea la watu warefu. Nikalikalia. Akayatazama buti zangu. Akayarudisha yote mawili mahali pake, akajipangusa mikono.

"Dada," akasema, "umewahi kufikiria kuogelea?"

Nilirudi nyumbani nimefura. Nikakaa kwenye cherehani na kupandisha suruali mpaka juu ya goti, nipake dawa. Mama alikuwa anatia vifungo kwenye koti la mteja. Akaona michubuko ya zambarau, akatua koti.

"Nani amekupiga?"

"Tandiko."

"Na wewe umelifanyia nini hilo tandiko?"

Nikamweleza yote, hata Jumamosi ya tatu, hata kijana wa kuogelea. Mama alicheka sana kwenye kuogelea. Kisha akanyoosha mkono na kunipima paja kwa shubiri zake, kama alivyokuwa akinipima nikiwa mdogo.

"Miguu ya baba yako hii. Unajua nilimpataje? Aliniletea suruali ya dukani, goti la suruali limemkaa katikati ya paja. Akaniambia, dada, nisaidie, miguu yangu mibaya. Nikamwambia kijana, mimi miguu siitengenezi, natengeneza nguo. Vua nikupime."

"Mama!"

"Nini? Tulikuwa na pazia." Akarudia koti lake. "Mteja akikujia bega moja limeinama, unamwambia alinyanyue?"

"Hapana."

"Unafanyaje?"

"Namchora alivyo, halafu nakata."

"Basi wewe miaka sita unavaa nguo ya mtu mwingine, halafu unamwomba msamaha mwenye nguo kwa kuwa haikutoshi. Hivi nilikuzaa au nilikuokota?"

Maneno hayo yalinichoma. Nilimkasirikia Mwalimu, nikamkasirikia kijana mwenye tai, na usiku wote huo nilijikasirikia mwenyewe. Mtu nimekata nguo miaka ishirini, nimekata suti ya bwana harusi mwenye kibiongo ikamkaa akatokwa machozi, halafu mwili wangu mwenyewe naulaza sakafuni na kuufunga kamba!

Asubuhi nilichukua chaki ya kushonea, ile ya bapa tunayochoria vitambaa, nikaisaga kwa chupa ikawa unga. Nikaukoroga na maji, nikaupaka uji ule kwenye suruali kuukuu na buti, upande unaogusa farasi, kuanzia makalioni mpaka visiginoni. Shuleni nilimwomba saisi amfunge Shemeji kamba ndefu na kumzungusha polepole, bila tandiko.

"Bila tandiko kabisa?" saisi akauliza.

"Kabisa. Nataka mguu uende unakotaka."

Nikapanda. Sikuvuta goti, sikusukuma kisigino. Tulizunguka dakika ishirini hivi, Shemeji akitembea na kuchapua, masikio yake yameanguka pembeni kwa raha, na mimi kwa mara ya kwanza sikusikia nyonga zangu. Niliposhuka, tukasimama mimi na saisi kumtazama. Kwenye manyoya yale meusi mguu wangu ulikuwa umechorwa wote, mweupe, kila upande. Goti lilikuwa mbele kabisa, karibu na bega la farasi. Na kisigino kilikuwa chini ya alama ya nyonga, wima, kama kilichopimwa kwa kamba.

Saisi alikuna kidevu. Akaenda kuleta lile tandiko nililolipanda siku zote, akalishika juu ya mchoro bila kuligusisha. Alama ya goti ilitokeza mbele ya ubawa kwa vidole vinne. Kile chuma cha kikuku kilikuwa mbele ya kisigino kwa zaidi ya kiganja.

"Dada," akasema taratibu, "mguu wako hauna neno."

Nilitaka kumkumbatia. Tandiko lilikuwa linanisukuma goti nyuma na kunivuta kisigino mbele, yote kwa wakati mmoja, na Mwalimu miaka yote hiyo alikuwa upande wa tandiko. Nilibandika karatasi ya kukatia nguo juu ya mchoro na kuupitisha kwa penseli. Shemeji alikula pembe moja ya karatasi kabla sijamaliza, lakini ilikuwa pembe isiyo na kazi.

Mwalimu akapita. Nikamwita aone.

Alitazama kama mtu anayetazama ukuta ulioandikwa na watoto. "Farasi si ubao wa darasani. Mwogesheni."

"Mwalimu, kisigino hiki hapa, nyonga hii hapa..."

"Bila tandiko kila mtu ni bingwa. Mashindanoni tunatumia tandiko."

"Basi nipe lile la stoo, lililooza mbawa. Kiunzi chake cha ndani kinamtosha Shemeji."

"Lile takataka? Chukua," akasema, akaenda zake.

Fundi wa matandiko nilielekezwa na saisi. Alikuwa na karakana nyuma ya duka la fotokopi, chumba kirefu chenye harufu ya gundi na nyuzi zilizopakwa nta. Zamani alitengeneza matandiko. Sasa, kwa kuwa wapanda farasi wananunua yaliyo tayari, alishona mikoba na mikanda, na juu ya rafu viunzi vitatu vya matandiko vilikuwa vimelala na vumbi lao. Alinipokea vizuri mpaka nilipokunjua karatasi.

"Tandiko si gauni, dada."

"Fundi, gauni likikosewa linachekesha. Tandiko likikosewa linaumiza wawili."

Aliigeuza karatasi huku na huku. "Huu ubawa umechongoka mbele kama wa kurukia viunzi, halafu mfupi kama wa mtoto. Na chuma cha kikuku umekirudisha nyuma huku. Nani ana mguu kama huu?"

Nikavuta kigoda chake nikakaa. Magoti yangu yaligonga meza yake kwa chini na kopo la gundi likaanguka.

"Ahaa," akasema fundi.

Tukapatana. Yeye angevua mbawa zilizooza, angetia sufu mpya kwenye mito ya chini inayokaa mgongoni mwa farasi, angerudisha chuma nyuma na kukata mbawa mpya kwa karatasi yangu. Mimi ningemshonea bitana za mikoba kwa miezi miwili. Tukapeana mikono, na nikaondoka nimejaa matumaini, nikimwambia kila niliyekutana naye. Jumamosi ya kwanza ikapita. Ya pili ikapita. Shuleni binti wa mfamasia alikuwa anampanda Shemeji siku zile ambazo zamani zilikuwa zangu, na mimi nilisimama kwenye uzio nikijifanya nafunga kamba za viatu.

Alhamisi ya juma la tatu fundi aliniita. Tandiko lilikuwa juu ya farasi wake wa mbao, jeusi, linang'aa, mishono imenyooka kama mstari wa daftari. Nilikaribia kulia. Kisha nikatoa karatasi yangu na kuiweka juu ya ubawa, kwa mazoea tu, kama ninavyofanya kwa kila nguo kabla mteja hajafika.

Ubawa ulikuwa umenyooka. Wima, mrefu, wa kawaida, wa mtu yeyote yule.

"Fundi. Umekata nini hiki?"

Akaja kutazama. Wala hakuona aibu, na hilo ndilo lililonimaliza. Alinieleza kwa upole kabisa. Aliweka karatasi kwenye ngozi, akaanza kukata, kisu kilipofika kwenye goti akaona kosa, akalisahihisha.

"Nilidhani umeteleza penseli," akasema. "Nikaona nisikuaibishe. Nikakusitiri."

"Unanisitiri na mguu wangu mwenyewe?"

"Miaka arobaini nimekata ubawa wa dresaji, dada. Mkono hauwezi kukubali ule mchongoko."

Naujua huo mkono, ninao. Nimeshanyoosha bega la mteja bila yeye kuniomba, nikajiona nimemfanyia hisani. Lakini siku hiyo sikuwa na huruma ya kugawa.

"Basi mkono wako una siku moja ya kujifunza. Kata upya."

"Ngozi nyeusi imekwisha. Hii ilikuwa ya mwisho."

"Ipo ipi?"

Alionyesha kipande kilichosimama ukutani, rangi ya chai ya maziwa, kilichosalia aliposhona sanduku la safari la mteja mmoja. "Hiyo peke yake. Juu nyeusi, mbawa za hivi? Litakuwa kama koti lenye mikono ya kuazima. Utachekwa."

"Nimechekwa toka nina miaka minane na sijafa. Kata."

Akakata. Mimi niliishika karatasi kwa mikono miwili, na kila kisu kilipotaka kuinama kuelekea kule kwa miaka arobaini, nilikohoa. Nilikohoa mara nne upande wa kushoto. Upande wa kulia mara moja tu. Alipomaliza alijifuta jasho, akazitazama zile mbawa mbili za ajabu mezani, akasema zimefanana na masikio ya tembo, na mimi nikamwambia tembo hajawahi kulalamika.

Jumamosi nilifika na tandiko langu begani. Kwenye uzio walikuwa watu wapatao kumi, wanafunzi na wazazi wao. Binti wa mfamasia alitangulia. Alipanda vizuri, sitamsengenya. Ana miguu ambayo Mungu aliikata kwa karatasi ya kiwandani, na tandiko lolote linamkaa. Mguu wake ulitulia, Shemeji akafanya kila alichoombwa. Mwalimu hakufungua mdomo, na kwa Mwalimu hiyo ni sifa. Moyo wangu ulishuka mpaka kwenye buti.

Nilipoanza kufunga tandiko langu, kicheko kilitoka upande wa wazazi.

"Hiki nini?" Mwalimu akauliza.

"Tandiko."

"Mbawa hizi ni za wapi?"

"Za mguu wangu."

Alinyoosha kidole kwenye uwanja, kunionyesha niende nikaaibike haraka tumalize.

Nilikwea. Goti langu likaenda mbele, likapata ngozi inalisubiri. Nikatia mguu kwenye kikuku, na kikuku kilikuwa pale, chini yangu, si kule mbele nilikozoea kukitafuta. Tukaanza kutembea. Kwenye kona ya kwanza nilimwona Mwalimu akivuta pumzi na kufungua mdomo, "Go...", halafu akaufunga. Nikamwomba Shemeji achapue mwendo, akachapua. Nikamwomba apite kimshazari, na mgongo wake, ule mgongo uliokuwa unanikimbia miaka yote, ulipanda juu ukanibeba. Sikuvuta kitu. Sikusukuma kitu. Nilikuwa nimekaa tu, nalia na kucheka kwa wakati mmoja, na farasi anacheza. Tuliposimama katikati ya uwanja, alisimama miguu minne sawasawa kama meza.

Mwalimu akawageukia watu kwenye uzio, amefungua mikono.

"Mmeona?" akasema kwa ile sauti ya kufika barabarani. "Miaka sita namwambia goti nyuma, goti nyuma. Leo amesikia! Ndiyo faida ya kutokata tamaa na mwanafunzi. Shemeji ni wako, Panzi. Umestahili."

Wakapiga makofi. Hata binti wa mfamasia alipiga, na machozi yalikuwa yanamlenga.

Farasi nilikuwa nimempata. Kilichobaki ni kushuka, kusema asante na kunyamaza. Nilijua hivyo. Nilimjua Mwalimu pia. Alichokitoa mbele ya watu aliweza kukitwaa tena mbele ya watu hao hao, na amewahi. Lakini nilikumbuka sakafu, na ile kamba, na nikaona nikinyamaza leo nitakuwa nimelala pale tena.

"Mwalimu," nikasema, "goti halijarudi nyuma."

Makofi yakakatika.

"Unasema?"

"Halijarudi. Liko mbele kuliko siku zote, kwa vidole vinne. Njoo uangalie."

Alikuja hatua mbili, akashusha sauti. "Nimeshakupa farasi. Sasa unataka nini, farasi au ubishi?"

"Vyote viwili."

Akasogea, akasimama kando yangu, akafumba jicho moja. Bega. Nyonga. Kisigino. Niliona midomo yake ikihesabu. Mstari ulikuwa umenyooka na alijua umenyooka, ndiyo maana alijisifu. Halafu jicho lake likaenda kwenye goti. Akaweka kiganja juu ya ubawa wa rangi ya chai, mahali ambapo kwa miaka yake yote hakuna goti lililoruhusiwa kufika, na goti langu lilikuwa hapo.

"Shuka," akasema.

Nikashuka. Nilidhani nimempoteza Shemeji, na hata hivyo sikujuta. Mwalimu hakumwita saisi. Alifungua mkanda wa tumbo mwenyewe, akaliteremsha tandiko, akalilaza kwenye uzio. Kisha akaweka vidole gumba mgongoni mwa Shemeji, akaanza mabegani kama kawaida, akashuka polepole akikandamiza. Shemeji hakubonyea. Aliachia mdomo wa chini ukaning'inia, akafumba macho nusu.

Vidole vilifika karibu na kiuno vikasimama. Pale, kila upande wa uti wa mgongo, katikati ya manyoya meusi, palikuwa na doa jeupe la ukubwa wa kifuniko cha soda. Sote tulikuwa tunayaona madoa hayo na sote tulikuwa tunayaita uzee, kwa farasi wa miaka kumi na mmoja. Lakini mahali tandiko lilipobana mpaka nyama ikaumia, nywele huota nyeupe na hazirudi tena kuwa nyeusi. Mwalimu aliyajua hayo kabla mimi sijazaliwa.

"Madoa haya ni yetu," nikamwambia. "Lako la kupiga kelele, langu la kutii."

Alitaka kuondoa mkono.

"Uache hapo," nikasema.

Akauacha.